Mtungi Usiotoa Jasho

Jumanne, 14 Januari

Mwalimu wa ngumbaru, shule yetu ya wazee, ametuamuru tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau herufi. Sisi wanafunzi wake tunaokaa nyuma ya kanisa, nusu hatuna meno. Kagure jirani yangu akamuuliza, "Tuandike nini, mwalimu? Kwamba jana tulikula githeri na leo tena githeri?" Mwalimu akasema andikeni kilichowashtua.

Basi mimi nitaandika mpaka kalamu ikauke. Mjukuu wangu Igoki, mtoto wa miaka kumi, ana ugonjwa wa sukari. Mtoto! Mimi nilijua ni ugonjwa wa wazee wenye matumbo. Anadungwa sindano asubuhi na jioni, na mamake ndiye anayemdunga. Mara ya kwanza kuona, nilitoka nje nikaongea na mbuzi.

Ya pili iliyonishtua: dawa yenyewe ikipata joto inakufa. Bado ni maji meupe kwenye kichupa, huoni tofauti, lakini imekufa. Na sisi tunaishi chini ya Kiritiri, nyumba ya mabati, hakuna stima, na jua hili la Januari linaweza kukaanga njugu juu ya jiwe.

Alhamisi, 16 Januari

Nimegombana na Nkirote, mke wa mwanangu Nthiga, mamake Igoki. Nthiga mwenyewe yuko Isiolo anajengea watu nyumba. Nkirote ni Mmeru wa Nchiru, na mamake ana kibanda cha kuuzia wanafunzi wa chuo maziwa na soda, na friji anayo. Akasema polepole, kama kawaida yake, "Mama, tumpeleke Igoki akae Nchiru mpaka joto lipungue."

Nikamwambia, "Mtoto wa Nthiga ana nyanya hapa. Au mimi nimekufa na hamjaniambia?"

Akanyamaza. Huyu msichana akinyamaza ni kama mlango umefungwa. Miaka kumi na miwili ameolewa hapa na bado sijui anafikiria nini.

Jumamosi, 18 Januari

Muchangi, yule daktari kijana wa dispensari, amepita na pikipiki. Akaniita nyanya, kama Igoki anavyoniita: "Cucu, friji yetu ya dispensari iko mbali mno kwa sindano mbili kwa siku. Si wewe ni mfinyanzi? Chukua mtungi mkubwa, uweke mdogo ndani, katikati ujaze mchanga, umwagie maji. Funika na kitambaa kilicholowa. Dawa ikae ndani ya ule mdogo. Joto la ndani lisipite nyuzi ishirini na tano, inatosha."

Mitungi ninayo. Nimefinyanga tangu sijaota matiti. Tukafanya.

Jumapili, 19 Januari

Nilipotoka kanisani nilitia mkono ndani ya mtungi nikautoa haraka kama nimeumwa na siafu. Baridi! Nje mbwa amelala ulimi nje, nyumba ni tanuri, na mle ndani ni kama alfajiri ya Julai. Nikamwita Kagure aje atie mkono wake. Akasema, "Yesu." Hakusema lingine.

Nimewaambia watu: udongo ni baridi kwa asili yake. Mungu aliuumba hivyo. Tukifa tunawekwa humo tupoe.

Ijumaa, 24 Januari

Jua.

Jumatatu, 27 Januari

Mtungi huu ni mlevi. Nkirote anaumwagia maji asubuhi, jioni umekauka. Unatoa jasho pande zote, maji yanapotea hewani, hata mbuzi hapati kuramba. Na maji yenyewe tunayachimba mtoni kwenye mchanga, unachota kwa kibakuli mpaka jerikeni ijae, halafu unapanda nayo mlima. Nilimwambia Nkirote, "Tunabebea maji jua linywe." Akasema, "Ni kwa ajili ya dawa, Mama." Kana kwamba mimi sijui.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeutibu mtungi.

Kila mfinyanzi wa huku anajua mtungi unaovuja unafanywaje. Nkirote alikuwa ameenda sokoni Kiritiri na ndengu, Igoki shule. Nikaitoa dawa nikaizungushia kitambaa cha maji, nikaiweka kivulini. Nikatoa mchanga na mtungi mdogo, nikaupasha ule mkubwa moto, nikauzungushia uji wa mwele ndani ili uzibe matundu, halafu nje nikaupaka mafuta ya mbegu za mbariki yakiwa moto, tabaka juu ya tabaka, vile mama yangu alivyokuwa akifanyia mtungi wa asali. Uling'aa kama paji la uso la bwana harusi. Nikarudisha vyote ndani, kile kitambaa cha juu nikakitupa, nikaweka kifuniko cha udongo kinachobana. Dawa ya mjukuu wangu haiwezi kukaa kwenye chombo kinacholialia.

Jioni niliutazama. Kavu! Hata tone moja halijatoka. Nimelala nikiwa na furaha.

Jumatano, 5 Februari

Nkirote ameniambia, "Mama, mtungi umeshiba. Mchanga bado umelowa, haunywi tena." Tukacheka pamoja. Si kawaida yetu. Nikasema nimeutia adabu. Hakuuliza kivipi, nami sikueleza, ufundi hauelezwi ovyo.

Jumapili, 9 Februari

Joto. Mahubiri marefu. Mhubiri ametoka jasho mpaka kurasa za Biblia zikashikana.

Jumanne, 11 Februari

Nkirote amesema, "Mama, mtungi siku hizi hauna ule ubaridi."

Nikamjibu, "Joto limezidi dunia nzima. Mtungi ufanye nini, uhamie Nchiru?"

Akachukua jerikeni akashuka mtoni.

Alhamisi, 13 Februari

Igoki anakunywa maji kama ndama. Amekojoa kitandani, mtoto mkubwa vile, akalia kwa aibu. Nikamwambia hata mimi nilikojoa mpaka nikaolewa, uongo mtupu, lakini alicheka. Kimashine cha kupima sukari kimeisha betri. Nkirote ataitafuta Jumamosi, siku ya soko kubwa.

Jumanne, 18 Februari

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni hospitalini Embu, karatasi nimeomba kwa askari wa mlangoni.

Jumamosi asubuhi Nkirote alienda sokoni kutafuta betri, nikabaki na Igoki. Alikuwa ametapika usiku. Nilidhani ni yale mahindi. Nikamshika kichwa nimnyweshe uji, na pumzi yake ikanipiga usoni. Ilinuka matunda. Maembe yaliyoiva yakapitiliza, yale yanayoangukiwa na nyuki. Nikamuuliza, "Umekula embe?" Macho yake yalikuwa yananiangalia lakini hayanioni. Na kupumua! Anavuta hewa kwa nguvu, ndefu, kama mtu aliyekimbia kutoka mtoni na jerikeni, na mtoto amelala tu.

Nilipiga mayowe. Mimi, niliyemzika mume bila sauti. Kagure akaja na mwanawe mwenye pikipiki, tukamweka mtoto katikati yetu, mimi nyuma nimemkumbatia, miguu yake inaning'inia. Kiritiri tulimkuta Nkirote karibu na soko. Alituona kwa mbali na kapu likamtoka mkononi, ndengu zikamwagika barabarani, akakimbia juu yazo. Muchangi akatutafutia gari mpaka hapa.

Walimwekea maji kwenye mishipa, na dawa yenye nguvu. Daktari mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akasema, "Sukari imepanda mpaka damu yake imekuwa kama siki. Ni kana kwamba hajadungwa kabisa."

"Anadungwa," Nkirote akasema. "Kila siku. Kwa mikono yangu."

"Basi dawa ilikuwa imeharibika. Mnaiweka wapi?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Wodi nzima, akina mama na watoto wao, wakasikia. Nikamwelekezea Nkirote kidole. "Kazi yako ilikuwa moja! Kumwagia mtungi maji! Ulichoka kubeba maji, ukaacha mtungi ukauke, ukasema umeshiba. Mtungi gani hushiba? Umemuua mtoto wangu!"

Nkirote akasema, "Mama, nilikuwa naangalia kila siku. Mchanga ulikuwa umelowa."

"Mwongo!"

Akageuka akamfunika Igoki miguu. Hakunijibu tena. Nami nikaona ule ukimya ni ushahidi.

Jumatano, 19 Februari

Mtoto amefungua macho. Ameuliza kama mbuzi wake amezaa. Nililia mpaka nesi akanipa kiti.

Alhamisi, 20 Februari

Nimerudi nyumbani kulisha mifugo. Akina mama wa kanisa walikuja kunipa pole, nikawaeleza yote, jinsi mke wa Nthiga alivyozembea. Wakatikisa vichwa. Kagure peke yake akasema, "Polepole, Mama Nthiga. Maneno ni kama kuku, ukimfungulia humrudishi." Nikamwambia anyamaze anywe chai.

Jumamosi, 22 Februari

Mwalimu anisamehe herufi.

Leo Muchangi amekuja kuuliza hali. Akaniomba auone mtungi. Nikampeleka kwa maringo, kwa sababu mtungi wangu hauna kosa, kosa ni la mtu. Akaweka kiganja pembeni mwake. Akakiondoa, akakiangalia, akakinusa.

"Cucu, huu mtungi mbona hautoi jasho?"

"Hautoi," nikasema. "Nilikuwa nimeuziba. Ulikuwa unapoteza maji. Nikaupaka mafuta ya mbariki tabaka tatu, uji ndani, hata ukiujaza leo utaukuta umejaa Krismasi. Hakuna mfinyanzi mwingine Mbeere yote ambaye angeweza..."

Nilimuona uso ukibadilika.

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Akafunua kifuniko, akatia mkono, akaniambia nami nitie. Ndani palikuwa na joto kama tumbo la mbuzi. Mchanga ulikuwa umelowa, kweli umelowa, kama Nkirote alivyosema. Ulikuwa na maji ya moto.

Akachota maji kidogo, akanipaka mkono mmoja mpaka kwenye kiwiko, wa pili akauacha mkavu. "Simama hapo kwenye upepo, Cucu." Nikasimama. Mkono uliolowa ukapoa. Ule mwingine hapana.

"Si udongo ulio baridi," akasema. "Udongo una vitundu vidogo hata jicho halioni. Maji yanapita humo yakitoka nje, upepo unayabeba, na yakiondoka hayaondoki mikono mitupu. Yanaondoka na joto. Lile jasho ndilo lilikuwa linafanya kazi. Uliyoona yanapotea, ndiyo yalikuwa yanatoa joto nje."

Miaka yote hii. Nimefinyanga mitungi inayopoesha maji ya wilaya nzima, na sikujua kinachopoesha. Nilimziba mjukuu wangu pumzi kwa mafuta na uji.

Na yeye Nkirote aliniambia. "Mama, hauna ule ubaridi." Nikamtania.

Muchangi alipoondoka nilichukua mchi nikaupasua ule mtungi. Haukupasuka mara moja. Nilikuwa nimeutengeneza vizuri.

Jumapili, 23 Februari

Kabla ya sadaka nilisimama. Mchungaji alidhani nataka kuomba wimbo. Nikasema, "Niliwaambia Nkirote alizembea. Nkirote hakuzembea. Ni mimi niliharibu dawa, kwa mikono hii, kwa kujifanya najua sana. Aliyebeba maneno yangu nyumbani kwake leo abebe na haya." Nikakaa. Kagure akanishika goti.

Jumatatu, 24 Februari

Nilienda wodini. Wale akina mama bado wapo, baadhi. Nikasimama mahali pale pale niliposimama siku ile nikasema kwa sauti ile ile. Nkirote alikuwa anamsuka Igoki. Hakuacha kusuka.

Nilipomaliza akasema, "Nimesikia, Mama."

Nilingoja. Nilidhani atalia, au atanikumbatia, watu hufanya hivyo. Akafunga uzi wa msuko, akaukata kwa meno. "Siku ile uliponiita muuaji, nilikuwa nimeshajiita hivyo njia nzima. Nilikuamini kwa sababu nilishaamini kuwa mimi ni mbaya. Wewe ulijua kwamba maneno yako yanaweza kumfanyia mtu hivyo?"

Nikainama nikaokota vipande vya uzi sakafuni.

"Akitoka hapa nampeleka Nchiru," akasema.

Igoki akalia, "Mimi nataka mbuzi wangu! Nataka Cucu!"

Nikamwomba Nkirote. Sijawahi kumwomba mtu hivyo. Nikasema nipe mtungi mmoja. Akasema, "Mmoja. Na kipimajoto ndani yake. Siku nambari ikipita ishirini na tano, tunaenda, na hakuna kelele."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 28 Februari

Nimechanganya udongo na makapi ya mtama yaliyosagwa, mengi. Motoni makapi yataungua, yaache vitundu. Zamani ningemcheka mfinyanzi wa namna hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Igoki amerudi! Mkondefu, macho makubwa, mdomo haujapungua. Mtungi mpya uko chini ya mti wa muuru, upepo unapita. Umelowa mwili mzima. Kipimajoto alichotuletea Muchangi kinasema ishirini na mbili. Igoki akauzunguka akasema, "Cucu, mtungi wako unatoa jasho kama mhubiri." Nkirote alicheka. Alicheka akiwa amenigeukia mimi.

Jumatano, 12 Machi

Ishirini na mbili. Maji nimebeba mimi. Magoti yanasema yao, siyasikilizi.

Jumapili, 16 Machi

Mawingu upande wa Kirinyaga. Watu wanafurahi, wanaandaa mbegu. Nguo nilizoanika jana hazijakauka. Ishirini na nne.

Nkirote amenifundisha kushika sindano. Niliisogeza nikairudisha, Igoki akasema, "Cucu, fikiria ni mwiba unatoa, si unaingiza." Nilidunga. Nikatoka nje tena kuongea na mbuzi, lakini safari hii kwa kujisifu.

Alhamisi, 20 Machi

Hewa nzito. Unaweza kuikamua. Joto halijapungua hata kidogo, na upepo umekufa. Mtungi umelowa lakini maji yanasimama tu juu ya ngozi yake, hayaondoki. Saa sita nambari ilipanda hadi ishirini na tano kamili. Nikachukua ungo nikaanza kuupepea mtungi kama mgonjwa. Kagure alipita akasimama. "Mama Nthiga, sasa umefika mwisho." Nikamwambia aje ashike upande wa pili. Alikuja. Wanawake wawili wazee wanapepea chungu. Nambari ikarudi ishirini na nne.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imekataa kushuka na imekataa kuondoka. Nkirote yuko sokoni, Igoki amelala.

Saa sita: ishirini na sita. Nikapepea. Saba: ishirini na saba. Nikapepea mpaka mabega yakawa si yangu. Ikakaa pale pale. Nilielewa nikiwa na ungo mkononi: hewa yenyewe imeshiba. Imejaa maji mpaka shingoni, haina pa kuweka mengine. Mtungi hauna kosa. Unatoa jasho, na hakuna anayelipokea.

Saa nane: ishirini na nane.

Hakuna aliyeona ila mimi. Nilijua ndoo ya maji ya mtoni, bado baridi, iko wapi. Ningekichovya kipimajoto mle, Nkirote akija angekuta ishirini na mbili, na Igoki angelala hapa leo, na kesho huenda mvua ikanyesha na joto likashuka. Nilienda mpaka kwenye ndoo. Niandike ukweli: nilifunua kifuniko chake.

Halafu nikakumbuka ile harufu ya maembe.

Nikaitoa dawa, nikamtuma mwana wa Kagure aikimbize kwenye friji ya dispensari. Nikamwamsha Igoki, nikaanza kumfungashia nguo. Nkirote alipofika alikuta begi mlangoni na mimi nimekaa juu ya kigoda, kipimajoto mkononi.

"Ishirini na nane," nikamwambia. "Mpeleke."

Alishtuka kuliko siku ya hospitali. Akachukua kipimajoto akakitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena. "Mama, ungeweza kunificha."

"Ningeweza. Dawa iko dispensari, mtaichukua njiani. Gari la mwisho la Embu linaondoka saa kumi. Nenda."

Hakwenda. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akaweka kichwa chake magotini pangu. Miaka kumi na miwili. Sikujua niweke mikono wapi. Nikaiweka kichwani pake.

Igoki hakulia. Alimwambia mbuzi wake ajifungue kwa adabu. Mimi nilisema maneno mengi ya ukali kuhusu soksi.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Imepiga mabati usiku kucha. Nimepanda mahindi peke yangu, mistari haijanyooka.

Alhamisi, 27 Machi

Simu imelia nikiwa shambani, matope hadi kwenye goti. Igoki. Nyuma yake nasikia wanafunzi wanaitisha maziwa, na sauti ya Nkirote inawaambia wangoje.

"Cucu! Nimepimwa sukari sasa hivi. Sita nukta nane!"

"Ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri! Ni ya mtu mzima wa afya!"

"Rudia."

"Sita nukta nane."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Nilisimama pale pale.

"Rudia tena," nikamwambia. "Polepole. Mama yako naye asikie ukiniambia."